Viduara vya Shangazi

Shangazi aliivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. Kisha akaweka kidole juu ya namba ya daftari lake la zamani iliyozungushiwa kiduara cha penseli, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Hizi ndizo siku ambazo sikupima mimi," alisema.

Mhadhiri, mpwa wake, alikuwa amekuja kuchukua saini tu. Mchapishaji alitaka ridhaa ya mwenye daftari kabla ya kutoa picha ya ukurasa ule kitabuni. Fomu ilikuwa bado mkononi mwake.

Kwa miaka ishirini na saba shangazi alisoma kipima mvua cha kituo cha hali ya hewa, kila siku saa tatu asubuhi. Daftari zake ndizo zilizoviozesha vyuo viwili, hiki cha hapa na kile cha ng'ambo, katika utafiti wa falsafa ya sayansi: mtu anajuaje kwamba anajua? Katika kikao cha kwanza, Profesa wa ng'ambo aliuliza kutoka kwenye skrini viduara vile vina maana gani. Macho yote yakamgeukia mpwa wa mwenye daftari. Angeweza kusema hajui. Lakini ulimi hauna mfupa, na kuonekana mjuzi ni kutamu.

"Ni namba alizokuwa na uhakika nazo zaidi," alijibu.

Juu ya sentensi hiyo moja ilijengwa sura ya saba ya kitabu cha utafiti huo. Nadharia ilipewa jina refu, ikasomwa kwenye makongamano mawili na kupigiwa makofi, jina la mhadhiri likiwa la kwanza. Kitabu kilikuwa kinakwenda mtamboni Ijumaa, na cheo chake cha mhadhiri mwandamizi kilikisubiri.

"Mwezi ule nilipokuwa namuuguza mama yako," shangazi aliendelea, "alikuwa akinisomea mlinzi wa lango. Mtu mwema, ila alikichungulia kipimo kutoka juu, kama anatazama kisimani. Sasa ningeandika kana kwamba nimeona mwenyewe?"

"Mbona hukuniambia, shangazi?"

"Uliniuliza?"

Mhadhiri aliinamia daftari. Aliona aibu ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Miaka yote miwili ya utafiti alikuwa akija Jumapili, akila, akinywa chai, akibeba daftari na kuondoka.

Shangazi alinyoosha mkono apewe kalamu. "Nitie wapi? Andikeni mnavyotaka, mama. Mimi nimestaafu, na mvua yenyewe ilishanyesha."

Ingekuwa rahisi mno. Wanaojua walikuwa wawili tu, na mmoja wao hasomi vitabu vya falsafa. Mhadhiri aliitazama kalamu, akaikunja fomu mara nne, akaitia mkobani.

Alhamisi alimkabili Profesa kwenye skrini.

"Sura ya saba ni kosa langu. Nilisema jambo nisilolijua. Viduara ni siku ambazo hakupima mwenyewe."

Profesa aliisogelea kamera. "Una uhakika?"

"Safari hii nimeuliza."

Mzee yule alijishika kipaji cha uso, akaanza kucheka, na hakikuwa kicheko cha raha. "Watu kumi na mmoja, miaka miwili. Tunaandika kuhusu kujua, na mwenye daftari yu hai, ana simu." Akashusha pumzi. "Kitabu hakiwezi kungoja. Kitatoka bila sura hiyo. Pole sana, mwenzangu."

"Nimeshapoa," alisema, ingawa hakuwa amepoa hata kidogo.

Jumatatu alijaza fomu ya kupandishwa cheo. Kwenye machapisho aliacha wazi. Kwenye makongamano aliandika mada mbili, kwani kweli zilisomwa na kweli zilipigiwa makofi. Kalamu ikasita. Akaibadilisha kwa penseli, akazungushia kila moja kiduara, taratibu, kama mtu anayejifunza mwandiko.

Karani wa utumishi, binti aliyeajiriwa mwezi huo, aliipokea fomu na kuipitia mstari kwa mstari. Kidole chake kikasimama.

"Samahani, Daktari. Hivi viduara ni vya nini?"

Mhadhiri alimtazama. Miaka miwili yeye hakuuliza, na huyu hakumaliza hata dakika moja.

Akavuta kiti, akaketi.