Mikono ya Koplo Hutchens

Koplo Hutchens alikuwa amemaliza zamu yake Vietnam. Kilichobaki ni kushuka kilimani tu. Kwa miguu haikuwezekana, maana Wavietnam wa Kaskazini walikuwa wamekizunguka kilima kama siafu na mfupa. Hao wa juu, yeye na wenzake, ni askari wa majini wa Marekani, ila maji yenyewe walinywa nusu kikombe, tena yakiletwa. Kila kitu kilikuja na helikopta, na kila mtu aliondoka na helikopta.

Shida ya Hutchens ilikuwa kazi yake. Helikopta ikija, wenzake wote hulala handakini. Yeye husimama wima uwanjani akimwelekeza rubani kwa mikono: njoo, kushoto kidogo, shuka. Mikono ikipanda juu mara mbili, rubani anaruka bila kuuliza, kwani huko bondeni kombora huwa limeshafyatuliwa. Muda wake ulikwisha, helikopta zikaja, na zote alizisindikiza mwenyewe.

Basi akamfundisha Szabo, mgeni mwenye miguu mirefu na moyo mfupi.

"Kazi yenyewe kusimama tu?" Szabo akauliza.

"Kusimama tu. Hata mlingoti unaweza."

"Mlingoti hauna mama, Koplo."

Ukungu ulipopasuka, ikaja helikopta yenye wavu wa madumu ya maji ukining'inia tumboni. Szabo akasimama, akafumba macho, akaelekeza. Wavu ukatua juu ya choo cha luteni. Madumu yalipona. Luteni hakuwemo.

Ya pili ikaja kuchukua watu. Hutchens alikuwa ukingoni, mkoba mguuni, nyuma ya majeruhi. Bondeni ukasikika mlio mdogo, kama kizibo kinachochomoka chupani. Szabo akazama handakini kama panya buku. Helikopta ikabaki inayumba vumbini, haijui ardhi iko wapi.

Hutchens akatukana, akatoka, akasimama. Akaishusha. Majeruhi wakapakiwa. Askari wa mlangoni akamnyooshea mkono, haya panda. Na mikono ya Hutchens, kwa mazoea yake, ikapanda juu mara mbili.

Rubani akatii. Alikuwa mtu wa adabu.

Kombora likaukuta mkoba peke yake. Hutchens alikuwa ameshamwangukia Szabo handakini.

"Koplo," Szabo akasema, "nadhani umesahau mtu mmoja."

"Nyamaza."

"Jamaa mkalimkali hivi. Alikuwa na safari."

Kesho yake Szabo alimfunga mikono nyuma kwa mshipi. Hutchens ndiye aliyeomba. Helikopta ilipokaribia, mlio wa bondeni ukasikika tena. Szabo akalitazama handaki, akamtazama aliyefungwa. Hapakuwa na mikono mingine. Akasimama, safari hii macho wazi, akaishusha vizuri kuliko mwalimu wake. Hutchens akakimbia kama bata, akavutwa ndani kwa ukosi. Mikono ya Szabo ikapanda mara mbili.

Kambini, huko chini, polisi wa jeshi akamzunguka Hutchens akimkagua.

"Umefanya kosa gani wewe?"

"Naipenda kazi, afande."

Polisi akaushika mshipi amfungue.

"Subiri kidogo," Hutchens akasema. "Ile helikopta pale nje iruke kwanza."