Kichwa cha Kindi ni cha Mgeni

Orpha alimkanyaga kindi mkia, akashika miguu ya nyuma kwa mikono miwili, akavuta. Ngozi ikachojoka kama soksi iliyolowa. Alikuwa kindi mkavu kweli. Mbavu zake angeziona hata kipofu. Alipompasua tumbo hakukuta kokwa, ila maganda ya mti.

"Na huyu naye kafunga," alimwambia mumewe kupitia dirishani.

Delmas hakujibu. Kujibu kulitaka pumzi, na pumzi yake ilitoka mtungini kwa mpira uliokaa puani. Vumbi la makaa ya mawe lilikuwa limemjaa mapafuni tangu ujana, na sasa tumbo nalo lilikuwa limegoma: nyama ya kopo aliitapika, maziwa aliyatapika. Mchuzi wa kindi peke yake ndio ulioshuka ukakaa.

Enzi za babu yake, Delmas alikuwa akisema alipokuwa bado na pumzi ya kusemea uongo, kindi wa bonde hili walikuwa wengi mpaka mtu akifyatua risasi juu amefumba macho, ilibidi akimbie asije akaangukiwa na kitoweo. Sasa kampuni ya makaa ilikuwa ikiukata mlima kichwa. Baruti ililia kila alasiri, miti ya mihikori ikaanguka na makokwa yake, na kindi waliosalia wakakimbilia darini kwa Orpha. Huko walitafuna mbao kutwa.

Orpha alisikia meno. Delmas alisikia kitu kingine. Mwaka ule mgodi ulipoporomoka, wenzake waliobaki nyuma ya mwamba walipiga bomba kwa mawe. Ko, ko, ko. Walipiga hadi wakaacha. Kwa hiyo dari ikilia, yeye hunyanyua kijiko akagonga chuma cha kitanda, kuwajibu kwamba waokoaji wanakuja.

"Hodi, Shangazi!"

Alikuwa Garvin, mtoto wa marehemu Icie wa bonde la pili. Siku hizi alikuwa bwana nyama wa serikali, ana kofia na bastola. Mvua ilikuwa imemlowesha, na kwapani alibana bango.

"Naomba nyundo, Shangazi. Yangu nimeisahau."

"Na kichwa je, umekuja nacho?"

Garvin akacheka. Alipewa nyundo, akaenda kupigilia bango kwenye mhikori mkubwa ulio nje ya uzio. Aliporudi, mchuzi ulikuwa unachemka na mkate wa mahindi umeshatoka jikoni. Katika bonde lile mtu haruhusiwi kurudisha nyundo akaondoka na njaa. Orpha alimpakulia, na katikati ya sahani akamwekea kichwa, kwa kuwa kichwa cha kindi ni cha mgeni.

Garvin alikitazama kidogo. Kisha akakipasua kwa mpini wa kijiko, kama mama yake alivyomfundisha, akafyonza ubongo, akafumba macho.

"Umetia pilipili manga."

"Mama yako ndivyo alivyopenda."

Alikula mpaka sahani ikang'aa. Akapangusa midomo. Akavaa kofia.

"Umempiga lini huyu?"

"Leo asubuhi. Si msimu wa kuwinda umefunguliwa?"

"Mwaka huu umefutwa, Shangazi. Upande huu wa mlima. Wataalamu wamehesabu, kindi wamepungua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu iliyopita."

"Na bango umelipigilia sasa hivi. Kwa nyundo yangu."

"Bango ndilo lililochelewa. Amri haikuchelewa."

Orpha akaketi. "Wamepungua kwa bunduki yangu moja, Garvin? Au kwa baruti?"

"Kampuni ina kibali."

"Cha kuua kindi?"

"Cha kuondoa mlima. Kindi hawakutajwa."

Darini pakalia. Chumbani Delmas akagonga. Garvin aligeuka upesi, mkono kiunoni, halafu akaona haya.

"Hao wa darini je?" Orpha aliuliza. "Hao si wa mlima tena. Ni wapangaji wangu."

"Unahitaji kibali cha wanyama wasumbufu. Kinatolewa mjini, kwa njia ya mlimani."

"Njia ya mlimani kampuni imeifunga."

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi nishtaki. Ushahidi uko tumboni mwako."

Garvin akatazama chini. "Mikia umeitundika kwenye uzio," alisema polepole.

Akaitwaa bunduki pale mlangoni kwa jina la serikali. Ilikuwa ya baba yake Delmas, kitako kimefungwa waya. Aliichukua kwa adabu, mtutu chini, akaifuta mvua.

"Huyo mle ndani atakula nini?" Orpha aliuliza.

"Jaribu supu ya kuku."

"Nimejaribu."

"Pole, Shangazi. Chakula kilikuwa kitamu. Mungu akubariki."

Siku iliyofuata Orpha alichemsha mifupa iliyobaki. Siku ya pili yake akaichemsha tena, mpaka mchuzi ukawa maji yanayokumbuka nyama. Delmas alionja, akageuza uso.

Wiki haikuisha, watu wa kampuni wakaja na misumeno kupanua njia ya malori. Mhikori wa nje ya uzio ulianguka ukiwa na bango lake. Matawini mlikuwa na viota, na kutoka humo kindi walitiririka, wakapita uzioni juu ya mikia ya ndugu zao, wakapanda ukuta, wakaingia darini. Lori likaondoka na gogo. Bango lilikuwa bado limekaza kwenye gogo, herufi zake wazi: HAPA KINDI WANALINDWA.

Alasiri ile baruti ililia, sahani zikatikisika kabatini, kisha kukawa kimya. Orpha alisimama jikoni na sufuria tupu, akiangalia juu. Mbao za dari zilikuwa zimepinda kwa uzito wa nyama.

Ko, ko, ko.

Chumbani, Delmas aliokota kijiko. Bakuli lake lilikuwa kavu; alipoligonga likatoa sauti safi kuliko chuma cha kitanda.

"Subirini," aliiambia dari kwa pumzi aliyokuwa nayo, kwani habari ya bunduki hakuambiwa. "Orpha anakuja na bunduki."