Amechelewa Tu

Ndege ilipoanguka ndani ya shuka, ghala zima tuliinamisha vichwa isipokuwa Binti Halfani. Yeye aliinua shingo aone inakoangukia.

Ilikuwa Jumapili mchana, Nachingwea, miaka ile ya mradi wa karanga. Ghala lilijengwa ili lijae karanga, na kwa kuwa karanga zenyewe hazikutokea, Wazungu wakaona afadhali lijae watu wanaotazama sinema. Madirisha yalizibwa kwa magunia. Jua lilipenya kwenye matundu ya misumari, likamwaga vidoa vya mwanga juu ya shuka, hata anga la Amerika likawa na nyota mchana kweupe. Mimi nilisimama pembeni nikitafsiri, maana nilikuwa na Kiingereza cha sekondari na mdomo usio na breki.

Sinema ilihusu marubani wanaobeba barua. Wanaume wazuri wa sura, wameharibika ndani kama maembe ya mwisho wa msimu. Mmoja mlevi, mwingine mgomvi, na wote hawaogopi kitu ila kukaa nyumbani. Mlevi anaambiwa kuna ukungu, usiruke. Anacheka, anaruka, na fundi wake kijana anakwenda naye kwa sababu hakuna aliyemuuliza kama anataka. Ukungu unawameza. Rubani anajirusha kwa mwavuli. Fundi anabaki na ndege na barua za watu.

Kisha mwanamume mwenye tai anagonga mlango wa nyumba ya fundi. Mke anafungua, mwiko mkononi. Yule bwana anavua kofia, anatazama viatu vyake, anasema neno moja.

“Amechelewa tu,” nikatafsiri, na kwa kuwa sijui kunyamaza nikaongeza: “Kwa hiyo hicho chakula, shemeji, tutakula sisi.”

Ghala likaangua kicheko. Binti Halfani hakucheka.

Nje, macho yakiumia kwa jua, alinishika mkono. Tulikuwa tumekuja pamoja kwa lori kutoka Ruangwa, yeye aone mwanawe Mikidadi, aliyesafiri na barua kwenye ndege, anafanya kazi wapi, na Mikidadi mwenyewe alikuwa hapo, anachekacheka, kofia imekaa upande.

“Yule mwenye tai,” akaniuliza, “alikuwa anajua?”

“Alijua, mama.”

“Na bado akasema amechelewa.”

“Mama, wale wanaigiza. Yule fundi saa hizi yuko kwake anakula kuku.”

“Mtu huigiza anachokijua,” akasema.

Mikidadi akanipiga bega. “Mama, usihangaike na mwenye tai wa Amerika. Wa kumwogopa ni huyu karani wa posta. Siku moja atavaa tai yake aje akudanganye mlangoni.”

“Siku nikija na tai,” nikamjibu, “mjue nimekuja kuchukua jogoo wenu.”

Hatukuwa tukigombana. Ukoo wetu na wao ni watani tangu mababu. Mtani atakutukana mbele ya mkweo na utacheka. Atabeba kuku wako na utamsindikiza. Na siku ya msiba, wengine wote wakiwa wameinama, yeye ndiye anayelala njiani maiti isipite, ndiye anayeigiza mwendo wa marehemu mpaka waliao washike mbavu. Ni haki yake na ni kazi yake. Ila kuna sharti moja: mtani hachezi msiba ambao haujawa. Akiucheza, amemzika mtu hai.

Ruangwa hatukuwa na uwanja wa ndege, na masika barabara iligeuka uji. Kwa hiyo barua zetu zilidondoshwa. Ndege ya kutoka Nachingwea ilishuka chini juu ya shamba la ufuta nyuma ya posta, Mikidadi akafungua mlango na kulisukuma gunia kwa mguu, mimi nikalikimbilia. Kwenye mdomo wa gunia hakukosa kufunga kitu changu. Mara gunzi lililotafunwa. Mara mpini usio na jembe, kwamba msomi hajui kulima. Mara moja panya mkavu amevishwa karatasi kama kanzu. Nami nilisimama katikati ya ufuta nikimtukana kwa mikono yote miwili, naye ananing'inia mlangoni anacheka, sauti yake imeliwa na injini.

Rubani tulimwita Bwana Mwewe, kwa jinsi alivyoshuka kama anafuata kifaranga. Alipenda kuona akina mama wakitupa majembe na kulala chini. Mikidadi alisema hunuka pombe tangu asubuhi. Nilimuuliza kwa nini basi anapanda naye. “Akiwa hajanywa,” akasema, “anaruka vibaya zaidi.”

Masika ile ukungu ulikaa juu ya vilima kama mgeni asiyejua kuaga. Siku ya barua tuliisikia ndege bila kuiona. Ilizunguka. Ikazunguka tena, chini mno, mlio wake ukapanda ghafla kama wa mtu aliyekanyagwa mguu, kisha ukaenda zake. Gunia halikuanguka.

Aliyeanguka kwetu ni Teofili, karani wa kampuni ya ndege. Lori lilikwama Mbekenyera, akamaliza safari kwa miguu. Alifika kwa Binti Halfani ana tope mpaka magotini, mfuko wa sukari begani, na shingoni tai.

Zena, mke wa Mikidadi, alimletea kigoda. Hakukaa. Alimletea maji. Hakunywa. Aliiweka sukari kizingitini na kuitazama, kana kwamba yeye na sukari ndio waliokuwa wakizungumza.

“Kampuni inawasalimu. Mikidadi amebakizwa Dar es Salaam, kuna kazi kule. Msiwe na wasiwasi.” Akatazama viatu vyake. “Amechelewa tu.”

Zena akashusha pumzi, akacheka hata. Binti Halfani hakumtazama Teofili tena. Alinitazama mimi.

Nilimsindikiza yule karani hadi njia panda. “Kaka,” nikamwambia, “umepiga tope lote hilo kuleta habari kwamba hakuna habari?”

“Swalehe, wewe una maneno mengi.”

“Nayo sukari, ni ya habari gani?”

Alikuwa akihangaika na fundo la tai kama linamkaba. 

Sukari haikuguswa. Ilikaa pale kizingitini mpaka sisimizi wakaifahamu.

Tangu siku hiyo nyumba ile ikaanza kuusoma mdomo wangu. Nikipita na mzaha, Binti Halfani anaacha kupepeta, anasikiliza ni mzaha wa namna gani. Nikipita kimya, Zena ananifuata mpaka uani.

“Mbona leo hukunitania?”

“Nimechoka, shemeji.”

“Wewe huchoki. Nani kakwambia nini?”

“Hakuna aliyeniambia.”

“Basi nitanie.”

Nikamwambia ugali wake unaweza kujengea nyumba. Alinitazama kinywani muda mrefu, kama mtu anayekagua mchele kabla ya kuununua, akaondoka. Sijapata kuona utani mgumu kama ule.

Jioni moja nikawakuta wanatetana. Zena alikuwa amesimama. “Mama, unamtakia nini mwanao? Karani kasema yuko Dar es Salaam.”

“Namtakia heri. Ila yule kijana simwamini. Nilimwona Nachingwea.”

“Uliyemwona Nachingwea ni Mzungu, wa kwenye shuka.”

“Tai ni ile ile. Na macho aliyaweka pale pale, kwenye viatu.” Kisha akanigeukia. “Mtani, wewe umekuja bila tai. Unasemaje?”

“Sijui, mama.”

“Kama hujui, usicheze bado.”

Ndege ikarudi siku anga lilipofunguka. Zena na Binti Halfani walikuja wote wawili shambani, na hakuna aliyewaita. Ilipita juu, imenyooka, kwa adabu, na adabu ile haikuwa ya Bwana Mwewe. Hakuna mama aliyetupa jembe. Mlango ukafunguka, gunia likashuka, ukafungwa. Hakuna aliyening'inia.

Zena alilifikia kabla yangu. Aliligeuza huku na huku, akalibinua kwa mguu, akalitazama chini kama mtu anayetafuta nge. Lilikuwa limefungwa kwa kamba mpya, fundo zuri la mtu asiyetujua. Hapakuwa na gunzi. Hapakuwa na panya. Hapakuwa na tusi lolote. Zena akakaa katikati ya ufuta.

Binti Halfani alifika polepole. Aliliona gunia, akamwona mkwewe.

“Haya, mtani,” akaniambia. “Fanya kazi yako.”

Nikaenda kwenye kijia cha kurudi nyumbani, nikalala kwenye tope, mgongo chini, mikono nimeitanua. “Hapiti mtu,” nikasema. “Mwenye njia hii alikuwa na deni la matusi kwangu, na ameondoka bila kuyamaliza.” Zena alinichapa kwa kanga yake. Alinichapa tena, akanitukana mimi, na ndege, na Mikidadi, na katikati ya matusi sauti ikamgeuka. Kilio kile kilisikika mpaka posta.

Tulimpata msimu wa kiangazi. Warina asali wa upande wa Chinongwe walimkuta porini chini ya mti, na juu ya tawi gunia la barua, limepauka kwa mvua. Ndege iligeuzwa kwa nguvu katika ukungu, mlango ukiwa wazi, na yeye akiwa na mguu juu ya gunia, akadondoka nalo. Bwana Mwewe alishakwenda likizo kwao na hakurudi. Teofili alikuja mazikoni shingo tupu, na safari hii alikaa.

Waliniletea lile gunia kwa kuwa ni mali ya posta. Mdomoni lilikuwa limefungwa tai. Ya ukindu, Mikidadi ameisuka mwenyewe, pana kama ulimi wa ng'ombe, ina fundo na kila kitu.

Niliivaa. Watu walinipisha, wengine wakigeuza nyuso. Binti Halfani alikuwa amekaa mlangoni. Aliitazama tai ile kwa muda, akanyoosha mkono, akalikaza fundo mpaka likanibana koo.

“Haya, mwenye tai,” akasema. “Umekuja kusema nini?”

“Nimekuja kuchukua jogoo.”

Akageuka ndani, mdomo ukimtetemeka upande mmoja.

“Zena,” akaita, “mfungulie banda.”