Bomba la Upepo Chini ya Kiti

Mahfoudh alikuwa na seti mbili za magurudumu. Kila mwaka, joto likishavunjika mwezi wa Novemba, aliyatoa matairi manene ya mchangani nyuma ya jiko, akalipiga jeki gari lake la jipu uani kwake Mawaleh, akalivisha kwa ajili ya safari za Ijumaa za jangwani. Ikifika Aprili, akalivua na kulirudishia matairi ya barabarani. Fundi hakumtaka. Mtu aliyelaza mabomba ya maji ya serikali miaka ishirini na sita, alisema, hawezi kumlipa mtu mwingine amfungulie nati.

Jipu la zamani lilikuwa halina maneno. Hili jipya, alilolinunua mwaka 2007, lilikuwa nayo. Ndani ya kila tairi la barabarani mlikuwa na sensa, kidude cha ukubwa wa kokwa ya tende, kazi yake kupima upepo na kuupelekea habari ubongo wa gari. Matairi ya mchangani hayakuwa na vidude hivyo. Basi Novemba ile ya mwanzo, Mahfoudh alipokwisha kazi na kuwasha gari, taa ya manjano ikawaka mbele yake na haikuzimika tena.

"Sipandi gari inayolalamika," alisema Nasriya, mkewe, akashuka na kapu lake la chakula.

Alisema hivyo Ijumaa tatu mfululizo. Na safari ya jangwani bila ya chakula cha Nasriya ni wanaume wamekaa mchangani wakitazamana.

Mahfoudh akafikiri kwa njia aliyoizoea. Akayapeleka matairi ya barabarani kwenye duka moja la pancha Hamriya, wakamtolea zile sensa nne na kumtilia valvu za kawaida. Akakata kipande cha bomba la plastiki, urefu wa mkono hadi kiwiko, akazitia sensa ndani, akaziba ncha zote mbili kwa gundi, upande mmoja akapachika valvu. Akajaza upepo paundi thelathini na tano, akalifunga bomba kwenye taulo kuukuu na kulisukumiza chini ya kiti cha nyuma. Akaendesha mpaka Sib na kurudi. Njiani taa ikazimika; ubongo wa gari umedhani matairi yote manne yamejaa.

"Alhamdulillah, imepona," alisema Nasriya.

"Imepona," alijibu Mahfoudh.

Aprili ilipofika, alipaswa kulipasua bomba na kuzirudisha sensa kwenye matairi ya barabarani. Alilivuta, akalipima. Miezi mitano, halijapoteza hata paundi moja. Katika utumishi wake wote hakuwahi kulaza bomba zuri kama lile, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Akalirudisha chini ya kiti.

Septemba binti yao, Jawaher, akapata kazi ya ualimu Sumail, mwendo wa saa nzima na ushei. Baba mtu akampa jipu. Asubuhi ya kwanza alimwelekeza kila kitu: kwenye mzunguko usishindane na malori, simu ikilia unaendesha usiipokee, hata nikiwa mimi.

"Na hii taa ya tairi, Baba?"

Nasriya alikuwa amesimama mlangoni. Mahfoudh alimtazama mkewe, akaona Ijumaa zote za majira ya baridi alizomdanganya zimejipanga nyuma yake.

"Hiyo ina akili kuliko mimi na wewe," alisema. "Ikiwaka, simama papo hapo. Haijawaka, nenda zako, usijitie wasiwasi."

Tangu siku hiyo, kila akitoka msikitini alfajiri, alipita uani kupima matairi yote manne kimyakimya, akaongeza upepo palipopungua, ndipo akaingia ndani kunywa chai. Wiki tatu alifanya hivyo. Alijiambia kwamba mambo yako sawa sawa na vile yangekuwa kama sensa zingekuwa mahala pake, ila sensa yenyewe sasa ni yeye.

Jumamosi moja, siku ya kufungua wiki ya shule, baada ya sala alichukuliwa moja kwa moja kwenda Sib, kumzika mfanyakazi mwenzake wa zamani. Aliporudi, jipu limekwishaondoka, halijapimwa.

Akapiga simu. Haikupokewa. Akapiga tena, na tena, mpaka akakumbuka ni nani aliyemkataza asipokee. Aliogopa kama hajapata kuogopa. Alikaa barazani na kanzu ya mazikoni, chai ikapoa mbele yake, na Nasriya alipomuuliza ana nini akasema ni msiba.

Saa tano Jawaher alipiga mwenyewe. Hakuwa na neno, alisema, atahadithia akirudi. Alasiri jipu likaingia uani kwa tairi la akiba. Lile lililotolewa lilikuwa nyuma, limechanika vipande.

"Lilipasuka baada ya Fanja," alisema Jawaher, amesimama wima kama yuko darasani. "Gari ikanipeleka mpaka kwenye changarawe. Ilikuwa inavuta kulia tangu mbali, Baba. Niliisikia. Nikaitazama taa, haijawaka, nikajiambia nna wasiwasi wangu tu. Nikaenda kilomita kumi na mbili hivyo."

Akatoa karatasi mkobani. Ilikuwa barua ya malalamiko kwa wakala aliyewauzia gari. Aliiandika wakati wa mapumziko, kwa Kiarabu safi, kurasa mbili.

"Kesho mwende wote wawili," alisema Nasriya. "Baba yako ndiye anayejua kusema na watu."

Mahfoudh aliishika ile barua. Aliisoma mpaka mwisho, maana ilikuwa imeandikwa vizuri, kisha akaikunja.

"Taa haina kosa," alisema. "Sensa zimo kwenye bomba, chini ya kiti cha nyuma. Mimi nilozitia. Mama yako hajui."

Jawaher akamgeukia. "Kwa hivyo nilipokuuliza?"

"Nilikwambia uwongo."

Hakuna aliyepandisha sauti. Nasriya alitoka uani, akafungua mlango wa nyuma, akainama. Alirudi na taulo mikononi, akaliweka mezani bila ya kulifungua, akaenda kupakua chakula. Walikula. Mahfoudh aliuacha wali wake nusu.

Kesho yake alikwenda Hamriya akanunua tairi jipya, na sensa zikarudishwa zote nne, fundi akalipwa. Asubuhi iliyofuata, kabla ya Jawaher kutoka, Mahfoudh aliyapima matairi moja moja mbele ya macho ya binti yake.

"Thelathini na tano," alisema. "Yote."

"Ahsante, Baba."

Jawaher akafungua mkoba wake, akatoa kipimo kipya cha upepo ambacho bado kilikuwa na karatasi ya bei, akakunja baibui lake na kuchutama kwenye gurudumu la mbele. Alipomaliza la mbele akaenda la nyuma. Mahfoudh alimsubiri mpaka akayamaliza yote manne.