Jina Lililoshonwa Kwenye Makoti

Kahigi hakuwahi kumwibia mtu, na ndiyo maana alikaa katika kazi ile miaka sita bila kujiuliza maswali.

Alikuwa amesomea China kwa ufadhili, akarudi Bukoba na shahada ya jiografia na Kichina kilichomtoka bila kigugumizi. Alifundisha sekondari miaka mitatu, kisha akagundua kwamba ile lugha inaweza kumlisha kuliko chaki. Siku hizi majina ya tovuti huweza kuandikwa kwa herufi za Kichina zenyewe, na kila jina lina mwenyewe, kama kiwanja. Kahigi alinunua majina hayo. Mtu wa kule aliandika kwenye simu yake maneno ya kawaida tu, tuseme viatu vya harusi, akitaraji kufika dukani. Badala yake alifika kwenye ukurasa wa Kahigi ambao haukuwa na kitu ila matangazo. Akigusa tangazo moja, kampuni ya matangazo ya ng'ambo ilimwandikia Kahigi senti chache za dola. Wenyewe huiita kazi hiyo kuegesha majina. Unalinunua jina, unaliacha limekaa, na wapita njia wanakulipa kwa kukosea.

Mtaji ulitoka kwa kaka yake, Rugemalira, mkulima wa kahawa na maharage huko Kimwani, wilayani Muleba. Rugemalira ndiye aliyekuwa na akaunti ya benki na kadi ya kulipia ng'ambo, kwa hiyo majina yote yaliandikishwa kwa jina lake. Mwaka wa pili Kahigi aliuza jina moja bila kumwambia, akanunua friji. Kaka mtu alipojua hakugomba. Aliomba tu kwamba tangu siku ile, badiliko lolote katika majina yale lidai namba sita za siri, na namba hizo ziingie kwenye simu yake yeye, Kimwani.

"Ili tusikosane," alisema, na Kahigi, kwa aibu ya friji, akaiweka ile kufuli kwa mkono wake mwenyewe.

Miaka ya mwisho biashara ilianza kukauka. Wachina wengi waliacha kuandika majina ya tovuti. Kila kitu kilikuwa ndani ya programu za simu. Majina hamsini na tisa yalileta pesa ya chumvi. Jina la sitini tu, Mlango wa Kurudi, lilikuwa na watu kila siku, thelathini, arobaini, na wengi wao waligusa matangazo. Kahigi alilidaka lilipoachwa na mwenyewe wa kwanza, kwa kuwa takwimu zilionyesha lina wageni. Hakujua walikuwa wakitafuta nini, wala hakutafuta kujua. Ndilo lililoezeka nyumba ya Rugemalira kwa bati, na ndilo lililokuwa likimlipia Joviana, binti wa kaka yake, chuo cha uuguzi Mwanza.

Kwenye ukurasa ule palikuwa na kisanduku kidogo cha kumwandikia mwenye jina. Walioandika humo kwa kawaida walikuwa madalali. Jumapili moja ya Januari, Kahigi alitoka kanisani na mkewe Edvina, wakafika nyumbani Miembeni. Edvina aliingia jikoni kumenya ndizi, yeye akafungua kompyuta. Alikuta maneno haya kwa Kichina:

"Nimemkuta mzee stendi ya mabasi. Hajui kwao. Ndani ya koti lake kuna kitambaa kilichoshonwa chenye jina hili. Nimeliandika nimefika hapa. Nimpigie nani? Basi langu linaondoka baada ya nusu saa."

Ujumbe ule ulikuwa na saa tano tangu uandikwe.

Kahigi aliusoma mara mbili akiwa amesimama. Akajibu haraka kwamba yeye si mwenyeji, ampeleke mzee polisi. Hakupata jibu. Alianza kutafuta huku na huku, na kabla jua halijazama alikuwa ameshajua. Mlango wa Kurudi lilikuwa kundi la watu wa kujitolea katika mji mmoja mdogo wenye baridi kali. Waliwatunza wazee wanaosahau, wale wanaotoka nyumbani asubuhi wasikumbuke njia ya kurudi. Walishona vitambaa elfu tano ndani ya makoti, na juu ya kila kitambaa waliandika jina la tovuti yao kwa herufi za Kichina, ili mtu yeyote mjini, hata mchuuzi asiyejua a wala b za Kizungu, aweze kulinakili. Kijana aliyekuwa akililipia jina alihama, akasahau. Kahigi akalidaka.

Siku nne baadaye aliandikiwa na mwanamke aliyejitambulisha kuwa Mwalimu Shen, mstaafu, kiongozi wa kundi. Aliandika kwa adabu kubwa. Mzee wa stendi alipatikana siku ya pili, kando ya mfereji. Alikuwa hai. Vidole vitatu vya mguu wa kulia vilikuwa vimekufa kwa baridi, vikakatwa. "Sikulaumu," aliandika, "lakini tunaomba jina letu. Hatuna pesa nyingi. Taja bei."

Kahigi alimwonyesha Edvina, akamfasiria neno kwa neno. Edvina alikuwa fundi cherehani, na alichouliza kilikuwa cha fundi.

"Elfu tano? Wamefumua vitambaa vingapi tangu jina lipotee?"

"Wanasema mia nane. Vingine haijulikani viko kwa nani."

"Basi mpe jina lake."

"Siwezi. Namba ziko kwa kaka."

Kwanza alijaribu njia za pembeni. Aliiandikia kampuni ya matangazo akiomba kuweka mstari mmoja tu juu ya ukurasa, wenye simu ya Mwalimu Shen. Jibu lilikuja papo hapo, la mashine: mwenye jina haruhusiwi kubadili ukurasa, na akijaribu kuwaelekeza wageni kwingine, majina yake yote yatafungiwa malipo. Alifikiria kuliacha jina bila kulipia ada ya mwaka. Lakini alijua vizuri kinachofuata, kwani ndivyo alivyolipata yeye. Zipo mashine zinazovizia majina yaliyoachwa, nazo huyadaka kabla hujapepesa macho. Mwenye kulidaka safari hii huenda asijue hata Kichina.

Basi akawa mtumwa wa kile kisanduku. Aliweka simu yake ilie kila ujumbe ukiingia. Ililia kanisani, ililia msibani, ililia akiwa juu ya bodaboda akateremka barabarani kujibu. Mwanamke aliyempoteza mama. Mlinzi wa soko aliyemkuta bibi amekaa juu ya magunia. Kila mmoja alimpa simu ya Mwalimu Shen, na kila mmoja, kabla ya kufika kwenye kisanduku, alikuwa amegusa matangazo mawili matatu ya dawa za kumbukumbu na wapelelezi wa kulipwa. Mwezi ulipokwisha, hesabu ilikuwa nzuri kuliko miezi yote. Rugemalira alipiga simu kumpongeza.

Kahigi alipanda basi la Muleba siku iliyofuata.

Alimkuta kaka yake nyuma ya nyumba, anaanua kahawa iliyokuwa ikikauka kwenye mkeka. Walisalimiana kwa Kihaya, wakakaa, shemeji akawaletea rubisi, pombe ya ndizi, na kurudi ndani. Kahigi alieleza yote, tangu kitambaa mpaka vidole. Rugemalira alisikiliza akichambua punje mbovu, moja moja, akizitupa pembeni.

"Sisi ndio tuliompeleka mzee huyo stendi?" aliuliza mwishoni.

"Hapana, kaka."

"Tuliliiba jina?"

"Hatukuliiba. Tulilinunua."

"Sasa?"

"Sasa najua lilikoshonwa. Zamani sikujua."

Rugemalira aliitazama mikono yake. "Waitu, ndugu yangu, mimi sina ugomvi na Wachina. Lakini wewe uliacha kazi ya serikali ukaniambia hii inatosha. Nikauza kahawa ya msimu mzima nikakupa. Joviana amebakiza miaka miwili. Nikikupa hizo namba leo, nimwambie nini? Arudi alime?"

"Watu wanapotea, kaka."

"Na wa kwangu je? Naye nimwache apotee?"

Kaka yake alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililombana Kahigi zaidi. Kaka angekuwa mtu mwenye tamaa, Kahigi angemchukia akapumua. Alilala Kimwani usiku mmoja na kuondoka alfajiri. Simu ya Rugemalira ilikuwa juu ya meza ya sebuleni, imechomekwa chaji. Namba ya kuifungua alikuwa anaijua. Ilikuwa mwaka aliofariki baba yao. Alisimama mbele yake kwa muda. Akakumbuka friji, akatoka nje bila kuigusa.

Februari ilipita hivyo, na Machi. Alikonda. Edvina alianza kuficha simu wakati wa chakula, kisha akawa anairudisha mwenyewe kwa sababu mumewe hakumeza. Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi, mtandao ukafa mtaa mzima, naye akatembea mpaka upande wa pili wa mji kutafuta mahali pa kuunganisha. Alipofika alikuta jumbe tatu. Mbili alizijibu. Ya tatu ilisema tu: "Basi, ameshaonekana, usijali." Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka la watu akalia, na mwenye duka akadhani amefiwa.

Wiki ile ile alikwenda Kashozi kumwona Ildefons, mkuu wa shule moja binafsi, ambaye waliwahi kufundisha pamoja. Ildefons alimtazama mwenzake aliyesemekana kutajirika.

"Nafasi ipo," alisema. "Jiografia, kidato cha kwanza mpaka cha nne, na nidhamu ya bweni. Mshahara wetu unaujua. Na nitataka usaini miaka miwili. Walimu wananikimbia katikati ya muhula, nimechoka."

"Nidhamu ya bweni maana yake ni kulala huku?"

"Jumatatu mpaka Ijumaa."

Kahigi alisaini. Kisha akaomba barua ya pili, yenye muhuri, isemayo kwamba theluthi mbili za mshahara wake zitatumwa moja kwa moja chuoni kwa Joviana kwa miezi ishirini na minne. Ildefons aliandika akitikisa kichwa. Edvina alipoiona barua ile alisema cherehani italisha nyumba, si vizuri, lakini italisha.

Safari hii Rugemalira alimpokea ndani, sebuleni. Aliisoma barua yote, akarudia, akaupapasa muhuri kwa kidole gumba kana kwamba utatoka.

"Umejifunga," alisema.

"Nilikuwa nimefungwa tayari."

"Na hayo majina mengine?"

"Yaache yafe, kaka. Hayana kitu."

Rugemalira alikunja barua akaitia mfukoni mwa shati. Hapakuwa na furaha usoni mwake. Alikuwa kama mtu aliyeuziwa ng'ombe wake mwenyewe. Alichukua simu. Kahigi akafungua kompyuta juu ya mapaja, akaomba namba. Ziliingia. Rugemalira alitafuta miwani, akakosa, akamwita mkewe, miwani ikapatikana chini ya mto, na walipomaliza kuzisoma muda wa zile namba ulikuwa umekwisha. Kahigi akaomba nyingine. Kaka yake alizisoma moja moja, kwa sauti ya mtu anayetaja waliokufa: saba, mbili, mbili, sifuri, tano, nane.

Jina likaondoka, likarudi kwa Mwalimu Shen bila bei. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Rugemalira alimsindikiza mpaka barabarani, kama mila inavyotaka. Lakini pikipiki ilipokuja aligeuka akarudi kabla mdogo wake hajapanda.

Shule ilifunguliwa. Kahigi alikuwa na wanafunzi sabini katika chumba cha hamsini, na bweni la wavulana lenye choo kibovu. Mshahara wa kwanza ulikwenda Mwanza. Kilichobaki hakikutosha nauli za mwezi za kwenda kwa Edvina kila Ijumaa, akawa anakwenda Ijumaa moja, anaacha moja. Kaka yake hakupiga simu. Joviana ndiye aliyepiga, kushukuru, na sauti yake ilikuwa na woga wa mtu aliyeambiwa habari nusu.

Katikati ya Mei, Mwalimu Shen aliandika tena. Ukurasa ulikuwa umerudi, na jumbe zilikuwa nyingi kuliko walivyodhani. Wenzake walikuwa wazee, hawakuweza kuzijibu kwa kasi. Watu waliokwisha kujibiwa na Kahigi walimsifu sana. Je, angekubali kuendelea kuwasaidia, saa chache tu kila siku, kwa kuwa anaijua kazi? Malipo hawakuwa nayo.

Alikuwa amekaa ofisini kwa walimu, daftari za kidato cha pili zimerundikwa mbele yake. Alianza kuandika kwamba hawezi. Akafuta. Akaanza kuandika kwamba ataweza, Jumamosi tu, akafuta na hiyo. Nje kengele iligongwa, na wavulana wakaanza kumwita kutoka mlangoni kwamba kuna mwenzao ameteleza bafuni ameumia mkono. Kahigi aliiacha kompyuta wazi, na kisanduku cha jibu kikiwa kitupu, akawafuata.