Kiti Chenye Mgongo cha Tibirinzi

Barazani kwetu Tibirinzi mabenchi tele, lakini kiti chenye mgongo ni kimoja tu, na tangu nistaafu nakikalia mimi. Basi akaja Rajab wa Shumba, bingwa wa dama ambaye, wallahi, akicheza hata kuku huacha kudonoa wakamtazama. Akakitaka kiti, akidai naye mgongo unamuuma.

"Tucheze," nikamwambia. "Mshindi akikalie. Lakini si dama, sataranji."

Akacheka. "Ubao si ule ule? Mzee Hija, jizoeze kukaa juu ya gunia!"

Akajifunza kete zinavyokwenda, akarudi Ijumaa baada ya sala na nusu ya mji wa Chake nyuma yake.

Nikashika nyeupe. Nikamsukuma askari wa mbele ya malkia hatua mbili, naye akafanya vivyo hivyo. Nikamweka askari wa pili ubavuni, bure, kama dagaa mbele ya paka.

"Kula!" watu wakapiga kelele.

Akala. Mtu aliyelelewa na dama anajua kula ni lazima. Usipokula, kete yako inaondolewa. Sataranji haina sheria hiyo, ila mkono wa Rajab haukuwa na habari.

Nikawa namlisha, naye anameza. Kete zangu zikapukutika mpaka Hamdan muuza kahawa akaanza kunitandikia gunia.

"Mzee, jasho hilo!" akaniambia.

"Kahawa yako hiyo inatoka."

Mfalme wa Rajab alikuwa kajibanza nyuma ya askari wake, na mlinzi wa mstari ule wa nyuma ni ngome moja tu. Nikamchukua malkia wangu, nikamweka mdomoni mwa ngome ile.

Vikombe vya kahawa vikakwama njiani. Nikasikia karafuu zikikauka huko Wete.

"Umechoka, yakhe?" Rajab akauliza, na ngome yake ishaacha lindo, ishamla malkia.

Ngome yangu ikateremka mpaka mwisho wa ubao.

"Shaha!" nikasema. "Mfalme wako kanaswa, na pa kukimbilia hana, askari wake mwenyewe wamemzibia!"

Kelele zilizopigwa, Unguja walidhani mwezi umeandama mchana.

"Ngoja," Rajab akasema. "Kumbe ningeweza kumwacha?"

"Nani alikulazimisha, shehe?"

Nikakaa, nikaegemea mpaka kiti kikatoa mlio. Kwa uungwana nikamsogezea sahani ya halua. Akaitazama halua, akanitazama mikono, akainamia kuchungulia chini ya sahani.

"Sili," akasema, pale juu ya gunia.