Marinda ya Utumbo

Nyumbani walimwita Mayai, kwa sababu kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa kutoboa kidirisha kwenye ganda la yai na kuchungulia jinsi kifaranga anavyoumbika humo ndani. Kilichomnyima raha ni utumbo. Unaanza umenyooka kama mrija wa soda. Siku chache baadaye umejikunja mikunjo tisa, mahali palepale, kwa kila kifaranga.

Profesa wake alikuwa na jibu: kila kona imeamriwa na jeni yake. Mayai hakukubali. Yeye aliona utumbo umeshikwa ubavuni na utando mwembamba, na utumbo hukua haraka kuliko utando. Basi utando unavuta, utumbo unakosa pa kwenda, unajikunja.

"Nionyeshe," akasema Profesa. "Alhamisi saa nne, mbele ya maabara yote."

Mayai akajaribu kuuiga kwa kubandika mrija wa mpira juu ya utepe wa mpira uliovutwa. Gundi ya kwanza haikushika kitu. Ya pili ilishika vidole vyake viwili, akashinda kutwa akionekana kama mtu anayekula kiapo. Jumanne akaenda kwa shangazi yake, fundi cherehani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Vidole vimefanyaje?"

"Sayansi."

Akamweleza yote. Shangazi alisikiliza akiwa na pini midomoni, kisha akazitema kiganjani.

"Mwanangu, umesoma mpaka macho yakaomba miwani, kumbe ni marinda tu! Ukiivuta lastiki, ukashonea kitambaa, ukaiachia, kitambaa kinajikunja. Basi sketi zote za watoto humu ndani ni matumbo."

Akaivuta lastiki pana ukingoni mwa meza ya kukatia, akaipigilia misumari, akashonea kwa mkono kipande cha bomba la kumwagilia maua. Walipong'oa misumari, bomba likainua nundu moja tu, kama ngamia mwenye kiburi.

"Kuku gani huyu?" akauliza shangazi.

Bomba lilikuwa nene mno, halikubali kukunjwa ovyo. Mayai akakimbilia maabara, akarudi na mrija laini. Safari hii mikunjo ikaja yenyewe, mmoja baada ya mwingine, na shangazi akapiga kigelegele hadi mteja aliyekuwa akijaribu suruali nyuma ya pazia akatoka mguu mmoja ukiwa bado nje ya suruali.

Alhamisi shangazi alikataa kubaki. "Kazi yangu haitembei peke yake," akasema, akajifunga kilemba kipya.

Maabarani akashika ncha moja ya lastiki, akampa Profesa ncha ya pili. "Vuta, Profesa! Au leo hukunywa chai?"

Profesa akavuta mpaka viatu vikaanza kuteleza. Mrija ukanyooka kama rula.

"Sasa achia taratibu," akasema Mayai.

Profesa alisikia "achia" peke yake. Lastiki ikaruka, ikamvua shangazi kilemba na kukitundika juu ya hadubini. Hakuna aliyethubutu kucheka. Profesa akapiga magoti sakafuni na picha ya utumbo wa kifaranga mkononi, akahesabu mikunjo ya mrija. Tisa. Akaanza upya kutoka ncha ya pili, labda ingebadili mawazo. Tisa.

"Bahati," akanung'unika.

Shangazi akatoa mkasi mkobani, akakata nyuzi zote. Mrija ukanyooka hapohapo.

"Bahati gani hiyo inayokatwa kwa mkasi?"

Profesa akacheka mpaka akafuta machozi. "Haya, mama, nimekubali. Lakini nani aliuambia utumbo ukue haraka kuliko utando? Hapo jeni zangu zina neno."

"Zibaki na neno lao," akajibu shangazi. "Kuvuta ni kwetu."

Kisha Mayai akamwinamisha shangazi juu ya yai lenye kidirisha. Ndani, kitone chekundu, moyo wa kifaranga, kilikuwa kikidunda. Shangazi akasogeza jicho karibu zaidi.

"Haka katoto kanavutwa hivyo, bila mtu wa kukashikia upande wa pili?"

"Bila mtu, shangazi."

Shangazi akavuta kiti, akakaa, akakataa kuondoka mpaka saa nane. Mhudumu wa usafi alipofungua mlango kwa kishindo, shangazi alimkemea bila kuinua jicho:

"Taratibu wewe! Mtu anashonwa humu."